Mstari Niliousoma Bila Kuuona

Jumapili, 8 Aprili 1973. Mvua tangu alfajiri, na haina dalili ya kukata.

Leo mume wangu amesimama mbele ya watu akasema ukweli mtupu, na tangu nizaliwe sijawahi kusalitiwa namna hii.

Ngoja niandike kwa mpangilio, maana kichwa kimejaa. Ni saa kumi na moja jioni. Mwanangu Nimi amelala kifudifudi mkekani, kidole mdomoni. Mume wangu ameenda kwa baba yake mkubwa, na kama ana akili atachelewa kurudi. Naandika Kiswahili kama siku zote, kwa sababu ndiyo lugha ninayofundishia na ndiyo ninayokasirikia vizuri. Lugha ya dini nilifundishwa na baba, lakini kwa kusoma tu.

Na kumbe hata huko kusoma kwenyewe ndiko kulikoniponza.

Sisi ni Makalasinga, kama wanavyotuita hapa mtaani. Ndani ya gurudwara, nyumba yetu ya ibada, kuna picha ya shahidi wa zamani, mzee mwenye ndevu nyeupe, aliyeamriwa abadili dini akakataa, kisha akahukumiwa kukatwa kiungo kwa kiungo. Wanasema mkataji alipotaka kuanzia kwenye kifundo cha mkono, mzee alimzuia akamwambia aanzie vidoleni, maana hukumu ni hukumu na viungo huanzia pale. Kila Vaisakhi, sikukuu yetu ya mwezi wa nne, baba yangu ndiye anayesimama kando ya picha hiyo kuisimulia habari yake. Ni fundi seremala, anajua viungo ni nini, na akifika pale kwenye vidole huwa ananyoosha vyake mwenyewe, vile vilivyojaa makovu ya patasi, na wanawake wote tunalia kana kwamba ni mara ya kwanza kusikia.

Kazi hiyo haikumwangukia tu. Alipewa kwa sababu kwetu tunasema tumetokana na mdogo wake shahidi.

Mwaka huu kamati imeagiza kibao cha marumaru kikae chini ya picha. Jina, namna alivyokufa, na ukoo wake. Hapo kwenye ukoo ndipo moto ulipowaka. Sisi mafundi tunasema alikuwa wa ukoo wa mafundi. Wenye mashamba wanasema alikuwa mwenye shamba. Huko India nasikia wapo na wengine wanaomdai, kila mmoja na makaratasi yake. Nawaita wenye mashamba kwa sababu wanajiita hivyo, ingawa baba mkwe wangu anauza vipuri vya magari na sidhani kama amewahi kushika jembe.

Mimi ni mtoto wa fundi. Nimeolewa kwa wenye mashamba.

Dini yetu iliwapa wanaume wote jina moja, Singh, na wanawake wote Kaur, makusudi kabisa ili mtu asiulizwe ametoka ukoo gani. Redio nayo inatuambia kila asubuhi kwamba sisi sote ni ndugu. Halafu watu wazima wanakaa sakafuni, viatu nje, wanagombania ukoo wa marehemu. Nilikuwa nacheka. Wiki iliyopita tu nilikuwa nacheka na mume wangu juu ya jambo hili, hapa hapa jikoni.

Sasa nieleze habari ya karatasi.

Babu yangu, kabla ya kupanda meli kuja huku, alikwenda kwa mtunza nasaba. Kwao huko wapo watu ambao kazi yao, baba kwa mwana, ni kutunza madaftari ya koo: nani alimzaa nani, mpaka huko nyuma. Babu akaomba anakiliwe ukurasa wa kwetu. Akaushona ndani ya kitambaa, akautia kwenye sanduku la bati, na hakuruhusu mtu aufungue mpaka anakufa. Baba mwenyewe hakuwahi kuusoma. Alichokijua ni alichosimuliwa, kwamba jina la juu kabisa ni la mdogo wake shahidi.

Nilikuwa na miaka kumi babu alipofariki. Masika ya mwaka huo huo maji yalituingilia. Tulikuwa tunakaa bondeni kule Jangwani, na maji yalifika kiunoni mwa baba, kwangu kifuani. Yalichukua kuku, yalichukua mbao, yalichukua miwani ya baba. Sanduku la babu tulilikuta limepinduka chini ya kitanda.

Baba alikata ule ushonaji kwa kisu chake cha kazi. Karatasi ilikuwa imelowa, inang'ang'ania kitambaa, inamomonyoka ukiigusa tu. Ilibidi inakiliwe siku ile ile. Na baba bila miwani haoni herufi, anaona ukungu. Akachukua karatasi mpya, akachukua kalamu, akaniambia, "Wewe soma, mimi nitaandika. Usiruke kitu, mwanangu."

Nikasoma. Nilianzia chini, kwa babu, nikapanda jina kwa jina. Baba anaandika kwa herufi kubwa, uso umeinamia karatasi kabisa. Nikafika mstari wa juu. Jina lilikuwepo. Maneno yaliyotakiwa kufuata, ya kueleza huyo mtu alikuwa nani, hayakuwepo. Palikuwa na doa la buluu tu, kubwa kama jani la mchungwa.

Baba akasema, "Enhe?"

Nikasema, "Mdogo wake shahidi."

Sikusoma. Nilisema nililolisikia tangu nikiwa mgongoni mwa mama. Nilikuwa na miaka kumi, nimelowa, naona baba ananingojea na kalamu mkononi, na sikutaka kuwa mimi wa kumwambia kwamba hapana kitu. Aliandika. Alifurahi mpaka akaniinua juu na nguo zangu zote za matope. Baadaye ile ya zamani ilikauka ikawa vipande, na kwa kuwa karatasi ya namna hiyo haitupwi jalalani, tulikwenda naye baharini Magogoni akaviweka kwenye maji kwa heshima.

Miaka kumi na sita sikumwambia mtu.

Kisha nikamwambia mume wangu. Ilikuwa Jumamosi moja mwezi wa pili, kabla ya mvua. Alikuwa ameosha nywele, ameketi uani kwenye kigoda, nami nampaka mafuta ya nazi na kuzichana. Wanaume wa kwetu hawakati nywele, na mwanamume aliyefungua nywele zake mbele yako ni mpole kuliko siku zote, hata sauti hubadilika. Alikuwa ananisimulia jinsi alivyoiba maembe ya jirani utotoni na kumsingizia mdogo wake. Nikacheka, nikasema na mimi ninalo langu. Nikalisema lote, mpaka lile doa. Alinishika mkono wangu wenye mafuta akasema, "Mama Nimi, hilo ulilibeba peke yako siku zote hizo?"

Nililia kwa raha. Mjinga mimi.

Leo baada ya ibada kukawa na mkutano. Wanaume upande wao, wanawake upande wetu, mwenyekiti ni huyo baba mkubwa wa mume wangu. Ni mzee ambaye kwa miaka miwili hakutia mguu kwetu kwa sababu mtoto wao alioa kwa mafundi. Tangu ghorofa yao itaifishwe, hawana tena cha kujivunia mjini, wamebaki na ukoo, na wanaushikilia kwa mikono miwili.

Baba alisimama na karatasi yake ndani ya kitambaa cheupe. Akasoma majina. Alipofika juu akasema kwa sauti yake ya kawaida, bila majivuno, "Na huyu ni mdogo wake shahidi. Basi kaka mtu naye atakuwa wa kwetu. Mimi sina zaidi."

Watu wakanong'ona. Mwenyekiti akauliza kama kuna mwenye neno.

Mume wangu akasimama.

Nilidhani anakwenda kumuunga mkono mkwewe. Nilikaa sawa kabisa, nikamweka Nimi vizuri magotini ili amwone baba yake akisema. Mungu anajua nilivyokuwa najivuna.

Akasema, "Wazee wangu, hiyo karatasi haikutoka India. Imeandikwa hapa hapa Dar es Salaam, Jangwani, na Mzee mwenyewe, tena bila miwani. Aliyemsomea alikuwa mtoto wa miaka kumi. Na mstari huo wa juu huyo mtoto hakuuona. Ulikuwa umefutika. Alibuni tu. Namjua, ni mke wangu."

Wanawake waligeuka kunitazama, wote kwa pamoja. Nilitamani ardhi ipasuke niingie na mtoto wangu.

Baba hakumtazama mume wangu hata kidogo. Alinitafuta mimi. Alinitafuta katikati ya ile mitandio yote mpaka akanipata, akanitazama kama mtu anayesubiri nicheke, niseme jamani ni utani. Nilitazama zulia. Basi akaikunja karatasi, akakosea mikunjo, akarudia tena, na ukumbi mzima unamngoja amalize kukunja.

Mwenyekiti akasema uamuzi utatolewa Jumapili ijayo, asubuhi tutakapoadhimisha Vaisakhi, na kwamba mwaka huu usimulizi atapewa mtu mwingine. Alilisema hili la pili kwa haraka, kama tangazo la viatu vilivyosahaulika.

Tulirudi nyumbani hatusemezani. Mlangoni nikashindwa.

"Kwa nini?"

"Nimesema uongo?" akaniuliza.

"Nilikwambia wewe. Sikuiambia kamati."

"Mama Nimi, jiwe likishachongwa halifutiki. Ulitaka tuchonge kitu cha kubuni?"

"Na ukoo wenu mtakaouchonga, umeuona wapi? Nani aliusoma?"

Hapo akaanza kufuta miwani yake kwa pindo la shati. Halafu akasema, kwa sauti ya chini, "Hujui wanavyoniita nyumbani. Miaka yote hii naitwa mkwe wa seremala. Leo Baba Mkubwa amenishika bega mbele ya watu."

Kwa hiyo ndiyo bei. Mzee mmoja amemshika bega. Na kibaya zaidi ni kwamba nilimwelewa, na kumwelewa kwenyewe kukanipandisha hasira. Nikamwambia aende basi akashikwe na bega la pili. Akaenda, mwavuli akausahau.

Mama Somoe, jirani yetu mtu wa Lindi na ndiye balozi wetu wa nyumba kumi, alisikia sauti zetu ukutani akaja na kisingizio cha kuazima kinu.

"Shikamoo, Mama Somoe."

"Marahaba, Mwalimu. Macho yamekuwaje?"

Nikamweleza, kwa kifupi. Alinisikiliza mpaka mwisho, kinu amekipakata, kisha akasema, "Sasa mimi sielewi. Nyie Makalasinga si wote mnaitwa Singh? Na huyo mzee wa watu kakatwa vidole hivyo, kafa. Mtu kafa kwa ajili yenu nyote, mnagombania nini?"

"Ukoo, Mama."

"Mh! Aliyekatwa ni mmoja, mnaojisikia maumivu wengi." Akainuka. Mlangoni akageuka, akasema kwa upole, "Lakini huyo mumeo kafanya vibaya. Siri ya mkeo huipeleki msikitini."

Nikacheka huku nalia, na nilimshukuru sana moyoni, ingawa kinu alikisahau kwenye kiti.

Saa tisa na nusu nikasikia hodi. Sauti ninayoijua.

Baba alikuja kwa miguu kutoka karakana. Kilemba kimelowa mpaka kimebadilika rangi, maji yanatiririka kwenye ndevu. Nilimkaribisha, nikampa taulo, nikakimbilia kumletea maji ya kunywa kama ninavyofanya siku zote. Hakukaa. Alisimama karibu na mlango, na taulo ameishika tu, hajifuti.

"Nimekuja kuuliza neno moja," akasema. "Siku ile. Ulisoma, au hukusoma?"

Ningeweza kusema nilisoma. Lilikuwa hapa kwenye ulimi. Ningesema mume wangu amepotosha, kwamba nilimwambia nilisoma kwa shida, na baba angeniamini, kwa sababu baba ananiamini. Jumapili angerudi na neno langu, na angesimama tena kando ya ile picha akanyoosha vidole vyake. Alikuwa ananiomba nimdanganye, nadhani. Au mimi ndiye niliyetamani aniombe.

"Sikusoma, Baba. Palikuwa na doa. Nilisema ulichokuwa unakisema wewe na babu."

Akatikisa kichwa taratibu, mara nyingi, kama anavyofanya akipima ubao akaukuta mfupi.

"Basi nilinukuu maneno yangu mwenyewe," akasema. "Miaka kumi na sita nawapa watu ushahidi, na ushahidi wenyewe ni mimi."

Nilimsogezea glasi. Akaitazama, akairudisha mezani kwa ncha za vidole.

"Mtu hanywi maji kwa binti aliyemwoza."

Hiyo ni desturi ya kwetu ya kale kabisa. Mzazi akishamwoza binti, hali wala hanywi chini ya paa la wakwe. Wazee wengine bado wanaifuata. Baba hakuwahi. Siku ya kwanza alipokuja hapa alikunywa vikombe viwili vya chai na kuomba cha tatu, akasema mambo hayo tuliyaacha bandarini, huku ni Tanganyika, mtu anakunywa kwa mwanawe. Miaka minne amekunywa kwangu. Leo ameikumbuka.

Nilimwambia, "Baba, nisamehe. Nilikuwa mtoto."

"Kwa la utotoni sina neno na wewe," akasema. "Ulitaka kunifurahisha. Mtoto ni mtoto." Akaweka taulo juu ya kiti, kavu kama nilivyompa. "Ila umekua, umesoma, umekuwa mwalimu. Karakana iko hapo, umbali wa kutembea. Kila siku unapita ukitoka shule, unaniambia habari za watoto wa watu. Kwa nini ulimwambia yeye kwanza?"

Alingoja kidogo, kwa adabu. Kisha akavaa viatu vyake vilivyolowa akaondoka, na nilimwona akipita katikati ya dimbwi bila kulikwepa.

Hilo ndilo linaloniunguza kuliko yote. Siku nzima nimekuwa nikisema nimesalitiwa, na ni kweli, mume wangu ameniuza na sijui nitamtazamaje akirudi. Sitaki kujifanya mkubwa nikasema nimemsamehe. Sijamsamehe. Lakini baba naye amekaa karakana sasa hivi anasema neno lile lile, na anayemsema ni mimi.

Jumapili ijayo nitasimama. Mwanamke hajawahi kusimama katika mkutano ule, sijui hata kama wataniacha nimalize. Nitasema kwamba mstari ulikuwa na doa. Kwamba baba yangu hakughushi kitu, aliandika alichosomewa. Kwamba mimi niliyesoma sijui shahidi alikuwa ukoo gani, na mwenyekiti naye hajui, na mume wangu aliyelifichua doa langu hana karatasi yoyote ya kwao ya kutuonyesha. Kama wanataka kuchonga marumaru, wachonge jina lake na namna alivyokufa, hayo tuna hakika nayo, na pale kwenye ukoo waache jiwe kama lilivyo. Baba atapoteza shahidi wake. Wao pia watampoteza. Watanichukia pande zote mbili, nami nina miaka ishirini na sita tu ya kuanza kuchukiwa.

Nimekaa na swali la baba tangu alipoondoka. Kwa nini yeye kwanza?

Nadhani nimelipata jibu, na si zuri. Mume wangu nilimwambia kwa sababu kwake nilikuwa naeleza kisa tu, nacheka, ananishika mkono. Kwa baba, neno lile lingemwondoa kando ya picha. Nilikuwa naogopa kumwona akishuka. Nilitaka kila Vaisakhi nikae pale nilie, nijue yule mwenye makovu vidoleni ni baba yangu na damu ya shahidi ni yangu. Sikuwa nailinda heshima yake. Nilikuwa nailinda yangu.

Hili Baba Nimi halijui. Akirudi sasa hivi akanikuta na macho mekundu akaniuliza nawaza nini, sitamwambia. Mwenyekiti halijui, Mama Somoe halijui. Zamu yangu ya darasa kesho inaanza saa mbili. Karakana hufunguliwa saa kumi na mbili na nusu, mvua inyeshe isinyeshe, na baba huwa peke yake mpaka vijana waje.

Jumapili watanisikia wote. Hili alisikie baba kwanza.